Figo za Jumatano

Mambo yaliharibika Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Juni, saa nne asubuhi, mbele ya kaunta ya duka la dawa la Waterfoot, mji mdogo wa bondeni. Kifuani kwa Glenda Entwistle kulikuwa na beji ya bati kubwa kama kisosi, ya rangi ya waridi, iliyoandikwa 65 LEO kwa tarakimu zinazometameta. Mumewe, Royston, ndiye aliyeibandika kwenye koti lake kabla hawajatoka nyumbani. Ndivyo watu wa bonde lile walivyo. Siku ya kuzaliwa mtu hufungwa umri wake kifuani kama ng'ombe wa maonyesho, ili kila anayepita apate la kusema.

"Ivae bwana, Glen. Mara moja tu kwa mwaka."

"Nimevaa. Twende upesi, kabla sijaaibika njiani."

Kilichokuwa kikimsumbua kilianza Jumatano alfajiri. Mkojo ulikuwa unamchoma kama pilipili, kisha anarudi chooni kabla hata birika halijachemka. Alimwambia Royston wakati anavaa viatu vyake vya kuchezea matufe. Royston alikuwa na mechi ya kuviringisha matufe huko Bacup, kwenye uwanja wa nyasi, timu nzima ikimsubiri. Akasema, "Kesho, mpenzi. Kesho tunapita pale pale tukienda kuchukua keki. Si dada yangu Pauline alitibiwa pale mwaka jana, dakika kumi tu akatoka na dawa?" Glenda alikuwa mtu asiyependa kumsumbua hata paka kwenye kiti. Akasema sawa, kesho.

Foleni dukani ilikuwa ya watu wanne. Walipoiona beji wakaanza kumwimbia, mzee mmoja akipiga mdundo kwa fimbo yake sakafuni. Glenda akasimama amebana magoti, anatabasamu, jasho linamtoka juu ya mdomo.

Mfamasia alikuwa Tahira, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa hapo hapo. Glenda alikuwa amempakulia chakula cha mchana shuleni miaka sita mfululizo, kwa sababu kazi ya Glenda ilikuwa jikoni kwenye shule ya msingi, na mpaka leo alikuwa akiifanya siku tatu kwa wiki.

"Bi Entwistle! Sitini na tano? Mbona unanidanganya!"

"Laiti ningekuwa nakudanganya, mpenzi. Naomba tuongee pembeni."

Wakaingia chumba kidogo cha pembeni, wote watatu, magoti yakigusana. Tahira akauliza maswali yake. Kunachoma? Kunachoma. Unaamka usiku? Mara tano. Rangi imekuwa ya mawingu? Kama maji ya kuoshea mchele. Homa? Hapana. Una tatizo lolote la figo? Hapana, sijawahi kuambiwa. Vidole vya Tahira vilikuwa vinacheza kwenye kompyuta, kisha vikasimama. Akaitazama skrini, akaitazama beji.

"Tarehe kumi na mbili Juni," akasema polepole. "Ni leo kweli."

"Si ndiyo maana tukaibandika," Royston akasema.

"Bwana Entwistle, mpango huu wa kutoa dawa bila daktari, kwa ugonjwa huu, ni wa wanawake wa miaka kumi na sita mpaka sitini na nne. Ukitimiza sitini na tano unatoka. Kompyuta inanifungia ukurasa."

"Jana alikuwa na sitini na nne."

"Najua."

Royston akakuna shingo. Kisha uso ukamchangamka. "Lakini amezaliwa usiku! Saa tano kasoro dakika ishirini. Mama mkwe alikuwa akituhadithia kila mwaka, eti mkunga alikuja amevaa sapatu za ndani. Sasa hivi ni saa nne na dakika tano. Basi bado ana saa kumi na mbili na nusu za kuwa na sitini na nne."

Tahira akacheka, kisha akaacha ghafla. "Kompyuta haina saa ya kuzaliwa. Ina tarehe."

"Basi fumba macho kidogo, binti."

"Nikifumba yangu, yenyewe haifumbi yake."

"Roy, mwache mtoto wa watu," Glenda akasema. Alikuwa ameshaanza kuibandua beji, pini ikamchoma kidole.

Tahira akainama mbele. "Bi Entwistle, si kwamba hutakiwi kutibiwa. Unatakiwa utibiwe vizuri zaidi. Umri ukipanda, dalili zinaweza kudanganya, na figo zinaweza kuwa zimechoka mtu asijue. Ndiyo maana wanataka daktari aupime mkojo wako, aangalie na damu. Nawatumia ujumbe zahanati sasa hivi. Na ukiona homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo, au ukaanza kuchanganyikiwa, usisubiri mtu. Piga simu ya dharura."

"Nani alisema sitini na nne?" Royston akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

"Wakubwa. Wataalamu. Kuna karatasi."

"Walipimaje?"

"Hapo sijui, Bwana Entwistle. Mimi nililetewa karatasi tu."

Swali lile lilimkaa Royston kichwani kama jiwe kwenye kiatu. Alikuwa amekata ngozi na manyoya ya sapatu kiwandani miaka thelathini na moja, mpaka kiwanda kilipofungwa na wenyewe wakahamishia kazi ng'ambo bila hata kuwapa mkono wa kwaheri. Aliujua mstari unavyochorwa. Siku kiwanda kilipobadilisha saizi, msimamizi aliwaketisha wanawake arobaini wa chumba cha kushonea juu ya masanduku, soksi mkononi, akazungusha chaki kwenye miguu yao mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini saizi ya tano inaishia pale inapoishia, jibu lilikuwepo: ni mguu wa Edna Haworth na wenzake thelathini na tisa. Hawa waliochora mstari wa sitini na nne, walimketisha nani juu ya sanduku?

*

Simu ya zahanati ilimwambia Royston yeye ni wa ishirini na saba kwenye foleni. Akangoja muziki wa vinanda dakika arobaini, akafika wa kumi na nne, simu ikakata. Akavaa kofia akaenda kwa miguu.

Karani wa mapokezi alikuwa nyuma ya kioo, kifaa cha simu kimemganda sikioni tangu asubuhi.

"Nafasi za leo ziliisha saa mbili na dakika tisa, mpenzi."

"Ni mke wangu. Ana..." Royston akageuka nyuma. Viti vyote vilikuwa na watu, na kwenye kimoja alikaa Harold Pickup, mwenzake wa matufe. Akashusha sauti. "Ana shida ya haja ndogo."

"Sema kwa nguvu, mpenzi, kioo hiki kizito."

"Mkojo unamchoma!"

Vichwa vikainuka vyote. Harold akajitia kusoma tangazo la chanjo.

"Aa, hiyo!" karani akasema, na kwa kweli alifurahi kupata la kumsaidia. "Hiyo wala haihitaji daktari. Aende duka la dawa, siku hizi wanatibu wenyewe."

"Tumetoka huko. Wamesema haingii kwenye mpango. Ametimiza sitini na tano leo."

"Oo." Karani akafikiri. "Basi mpe heri ya siku ya kuzaliwa."

"Ahsante. Sasa nifanyeje?"

"Piga kesho saa mbili kamili. Si saa mbili na dakika moja."

"Duka la dawa limetuma ujumbe."

"Umefika, nauona. Uko kwenye foleni."

"Foleni gani tena?"

"Ya ujumbe, mpenzi."

Royston akatazama huku na huko. Hakuona wa kumgombeza. Karani alikuwa na macho mekundu na biskuti iliyong'atwa mara moja ikaachwa. Tahira alikuwa amefanya lililo lake. Waliostahili kugombezwa hawakuwa kwenye jengo lile wala kwenye bonde lile. Walikuwa kwenye meza zao huko, ambako mlango hufunguliwa na mtu mwingine na simu hupokelewa na mtu mwingine. Walikuwa wamefunga mlango mmoja wa Glenda, kwa sababu nzuri tu, na wala hawakupita kutazama kama ule mwingine unafunguka.

*

Jioni dada yake Royston, Pauline Barcroft, alikuja na mfuko wa zawadi na kicheko chake kinachotangulia mlangoni. Mezani kulikuwa na pai ya viazi na nyama, kabichi nyekundu ya siki, na ile keki. Glenda alikata kipande kimoja, akaenda chooni, akarudi, akainua uma, akaenda tena.

"Huyu mbona anapanda na kushuka kama lifti?" Pauline akauliza.

Royston akamwambia yote, pamoja na saa ya kuzaliwa. Pauline akapiga meza.

"Kuna daktari wa kulipia kwenye simu. Pauni sitini, unamwona uso kwa uso."

"Pauni sitini!" Glenda akasema kutoka ngazini. "Kwa ajili ya kukojoa!"

"Nimekatwa fedha za matibabu kwenye mshahara tangu nina miaka kumi na sita," Royston akasema. "Silipi tena mara ya pili kwa kitu hicho hicho."

Pauline akalamba krimu kidoleni. Kisha akasema, "Mimi nina sitini na moja."

"Hongera."

"Sikiliza, mpumbavu wewe. Mimi nina sitini na moja, na maswali yao nayajua, maana niliulizwa mwaka jana. Nashuka kesho duka jingine, kule chini, wasikonijua. Nasema mimi ndiye ninayechomwa. Natoka na dawa. Glenda anameza."

"Pauline, hapana," Glenda akasema. "Huo ni uongo."

"Uongo gani? Mkojo upo, moto upo, aliyekosekana ni mtu wa umri mzuri. Si nimejileta!"

Wakacheka, hata Glenda, mkono tumboni. Wakamfundisha Pauline kuigiza. Glenda alikuwa mwalimu mkali. "Usikae hivyo, ungekuwa unaumwa usingekaa umetanua miguu. Na usiseme kunawasha. Kunachoma. Kuwasha ni kitu kingine." Pauline akajibana, akakunja uso, akatembea mpaka kwenye jokofu na kurudi. Royston akapiga makofi. Miezi mingi nyumba ile haikuwa imecheka hivyo.

Ijumaa saa mbili kamili Royston alikuwa ameshika simu. Wa thelathini na moja. Aliiweka mezani, akaifungulia sauti, akakaa kuvisugua viatu vyake vya matufe huku vinanda vikilia. Wa ishirini. Wa kumi na mbili. Glenda alikuwa amelala kwenye kochi na chupa ya maji moto. Saa tatu na dakika ishirini na tano sauti ya mashine ikasema, wewe ni wa tatu. Hapo hapo mlango ukafunguka, Pauline huyo, anapepea mfuko wa karatasi juu ya kichwa kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Siku tatu! Vidonge viwili kwa siku, baada ya kula! Na mvulana wa watu amenionea huruma, kaniletea na kiti!"

Royston akainua simu, akaikata.

Alikuwa wa tatu.

*

Jumamosi Glenda alisema nafuu ipo. Pengine ilikuwepo, pengine alisema ili watu wapumzike. Alikunywa chai, akakataa mkate, akasema mgongo unamuuma kwa sababu ya kochi. Royston alimnunulia tena vile vidonge vya maumivu ya magoti alivyozoea, vinavyouzwa popote, akameza viwili.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa, Royston alikuwa nje anamwagilia maharage aliposikia vyombo vinagongana. Akaingia. Glenda alikuwa jikoni amevaa aproni juu ya nguo ya kulalia, uso mwekundu, meno yakigongana. Alikuwa ametoa sahani zote za nyumba ile. Za kila siku, za wageni, zile za harusi yao zenye mstari wa dhahabu, visosi, vifuniko vya sufuria, bakuli la mbwa aliyekufa mwaka juzi. Vyote vimepangwa safu mbili kuanzia mezani mpaka sakafuni, safi kabisa, kwa nafasi sawa.

"Glen? Unafanya nini, mpenzi?"

"Usisimame hapo kama mlingoti. Darasa la tatu wanashuka na pudini haijakatwa." Akamtazama kama anamtazama mtu wa kuleta maziwa. "Wewe ni nani? Mwambie mwalimu mkuu sahani hazitoshi."

Royston alikumbuka maneno ya Tahira yote kwa mpigo mmoja. Homa. Kutetemeka. Mgongo. Kuchanganyikiwa. Akapiga simu ya dharura, akakosea hata tarakimu zake tatu.

Kwenye hospitali kubwa, nusu saa kwa gari, hakukuwa na foleni ya ujumbe. Walimchukua mlangoni. Dripu mkono huu, damu mkono ule, mashine inalia kichwani. Daktari alikuwa kijana wa Ireland aitwaye Quigley, ana madoa ya kahawa kwenye shati, na anaongea na mtu akimtazama.

"Tangu alipoanza kuumwa ametumia dawa gani?"

"Za magoti tu," Royston akasema.

"Za magoti tu?"

"Ndiyo."

Pauline, aliyekuwa amefika kwa teksi, akamkanyaga mguu asitoboe siri.

"Bwana Entwistle, sijaja kukukamata," Quigley akasema. "Dawa nitakayomwekea sasa hivi inategemea jibu lako. Kama ameshameza kitu na hakikufanya kazi, nataka kujua ni kipi, nisirudie."

Royston akaingiza mkono kwenye koti. Akatoa pakiti, akaiweka juu ya shuka, karibu na mguu wa mkewe. Quigley akaisoma.

"Pauline Barcroft ni nani?"

"Ni mimi," Pauline akasema.

"Wewe ndiye mgonjwa?"

"Kwenye karatasi, daktari."

Nesi aliyekuwa akifunga dripu akageuza uso ukutani. Pauline akaketi kwenye kiti cha plastiki akaanza kulia kwa mdomo wazi kama mtoto.

Baadaye Quigley alirudi na karatasi ya damu. Akamweleza Royston pale pale koridoni, taratibu, bila kumdharau. Vidonge vile, alisema, hufanya kazi ndani ya mkojo, na figo ndizo zinazovipeleka huko. Figo zikiwa dhaifu, dawa haifiki inakotakiwa. Mtu anameza, anaamini ametibiwa, na ugonjwa unapanda juu taratibu. Glenda ulikuwa umempanda mpaka kwenye figo, ukaingia kwenye damu. "Figo zake zinafanya theluthi ya kazi."

"Kwa sababu ya ugonjwa huu?"

"Huu umezizidishia. Lakini kuna damu aliyopimwa kwa ajili ya magoti, miaka miwili iliyopita, na hata hapo zilikuwa zimeanza kushuka. Vidonge vya magoti navyo havikuzisaidia. Inaelekea hakuna aliyemwambia."

"Miaka miwili," Royston akasema. "Basi hata Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Basi tu, daktari. Jumatano."

*

Siku ya Jumanne homa ilishuka na Glenda akarudi. Alifungua macho, akamtazama Royston, akasema, "Hujanyoa."

"Nimekuwa na shughuli."

"Pauline kanambia nilipanga sahani."

"Thelathini na nane. Mpaka bakuli la mbwa."

"Pudini ilitosha?"

Royston alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Glenda akampigapiga mkono kwa vidole vilivyobandikwa plasta. Aliuliza kuhusu figo, na Royston akamwambia alivyoambiwa: watazipima tena Ijumaa, kisha tena, na kwa sasa hakuna anayejua kama zitapanda au zitabaki hapo. Zikishuka tena, ni mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki.

"Na jikoni kwangu shuleni?"

"Hawajui, Glen."

Glenda akavuta shuka. "Tahira amepiga simu nyumbani mara mbili, Pauline kanambia. Nenda ukamwambie ukweli. Yule mtoto alikuwa akimwaga jibini lake chini ya meza halafu anakuja kukiri mwenyewe. Hafai kudanganywa."

Akaenda. Alikuta foleni ya watu watano, akangoja zamu yake kama mtu mwingine yeyote, kofia mkononi. Tahira alipomwona akaacha alichokuwa anahesabu, akamwita kwenye chumba kidogo, lakini Royston akatikisa kichwa. Alisema kule zahanati aliaibishwa mbele za watu, na hapa atasema mbele za watu. Akaeleza yote. Pauline, duka la chini, mchezo wa jikoni, simu aliyoikata. Tahira alisikiliza, mkono mdomoni.

"Bwana Entwistle," akasema mwishowe, "mngemuua kwa mapenzi."

"Najua."

"Ile karatasi ilimkataa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa ajili ya figo kama zake. Mstari lazima uchorwe mahali."

"Nimekata sapatu miaka thelathini na moja, binti. Mstari siukatai." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyefungua saa ya ukutani na kukuta kigurudumu asichojua kazi yake. "Nina kitu nataka kuelewa tu. Jumatano aliniambia kunachoma, mimi nikaenda kucheza matufe. Siku tatu nimekaa kando ya kitanda chake najipiga kifua, laiti ningemleta Jumatano. Sasa niambie. Ningemleta Jumatano, ana sitini na nne, ungefanyaje?"

"Ningemuuliza maswali."

"Yale yale?"

"Yale yale."

"Ungemuuliza kama ana tatizo la figo."

"Ningemuuliza."

"Angesema hana. Hakuambiwa na mtu. Kwenye kompyuta yako ingeonekana?"

Tahira akaitazama kompyuta. "Kama hawakuiandika huko, isingeonekana."

"Basi ungempa."

"Ningempa."

"Vidonge gani?"

Mwanamke mmoja mzee, mwenye kikapu cha magurudumu, alikuwa amesogea mpaka ubavuni kwa Royston bila kujificha.

"Vile vile," Tahira akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Siku tatu. Viwili kwa siku."

"Baada ya kula."

"Baada ya kula."

Royston akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Tahira akajifuta kwa mgongo wa mkono, naye akauliza lake, kwa sauti ndogo: "Na Ijumaa, ulipokuwa wa tatu, mbona hukungoja?" Royston akaigeuza kofia mikononi mzunguko mzima.

"Hilo ni langu, nitalibeba," akasema. "Lakini hili si langu, wala si lako, na nataka ulipeleke juu kwa hao wenye karatasi, mpaka nipate mtu mmoja wa kunijibu."

"Sema," akasema yule mwanamke mzee mwenye kikapu. "Nasi tusikie."

"Alhamisi mlimkataa mke wangu kwa ajili ya kuzilinda figo zake," Royston akasema. "Sawa. Figo za Jumatano zilikuwa za nani?"